Unga wa kulishia matumbawe: chakula kizuri, kipimo cha kopo si cha kufuata

Kwa miezi minne sasa nimelisha matumbawe yangu unga huu, ambao kwa sehemu kubwa ni viumbe wadogo wa baharini waliokaushwa na kusagwa, katika tangi la lita 200 lililopo sebuleni. Matumbawe mengi hupata nguvu kutokana na mwani mdogo sana unaoishi ndani ya miili yake na kutegemea mwanga, lakini tumbawe la jua, lile la rangi ya chungwa, halina mwani huo, hivyo lisipolishwa hufa njaa hata chini ya taa bora.

Mimi huchanganya unga wa ncha ya kijiko na maji ya tangi lenyewe, huzima pampu kwa dakika 15, kisha humiminia kila tumbawe taratibu kwa bomba la sindano. Ukisogelea kioo, utaona minyiri ikifunguka na kuvuta chembe hadi mdomoni.

Kasoro ni kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Nilikifuata, na kufikia wiki ya tatu fosfeti, kirutubisho kinachostawisha mwani, ilikuwa imepanda kutoka miligramu 0.05 hadi 0.20 kwa lita, huku mwani wa kijani ukitanda kwenye kioo. Sasa ninalisha mara mbili tu kwa wiki, ninabadilisha asilimia 10 ya maji kila Jumamosi, na kikombe cha mtambo wa kutoa povu (unaonasa uchafu wa maji kwa mapovu) ninakimwaga kila baada ya siku mbili. Kopo nalihifadhi kwenye friji, ingawa harufu yake ya dagaa imeshazua malalamiko nyumbani.