Tahadhari: Tairi kuukuu zilizochongwa na kupakwa kiwi zinauzwa Mbeya kama tairi mpya za pikapu

Ndugu zangu wenye pikapu wa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa, naandika tahadhari hii baada ya kuuziwa tairi nne kubwa za njia zote, zile zinazoandikwa A/T ubavuni, nikiambiwa ni mpya kabisa, kumbe ni tairi zilizotengenezwa zaidi ya miaka 10 iliyopita na kuchongwa meno upya. Sijapoteza fedha peke yake. Moja kati ya tairi hizo ilibanduka ngozi ya juu nikiwa na mzigo kwenye mteremko, na watu wawili walikuwa wamekaa pamoja nami ndani ya gari. Ninachowaomba ni kwamba mtu asitoe fedha wala asiruhusu tairi kufungwa kwenye rimu kabla hajaikagua pande zote mbili ikiwa bado chini, kwa maana utapeli wote niliofanyiwa ulitegemea jambo hilo moja.

Mimi hutumia Hilux ya milango minne kupeleka mbolea Umalila na kurudi na viazi. Nikishaiacha barabara kuu pale Mbalizi na kupanda kuelekea Ilembo na Santilya, mvua zinazoanza Novemba na kuendelea hadi Mei huzifanya njia za mashambani kuwa na utelezi ambao tairi za lami haziuwezi, kwa sababu mifereji yake ni myembamba na ikishajaa tope tairi inabaki laini kama kigae. Tairi za njia zote zina meno makubwa yaliyoachana, hivyo hulitema tope kadiri zinavyozunguka, na kwa mkulima au mchuuzi wa huku si pambo. Ndiyo maana nilikuwa nimedunduliza fedha kwa muda mrefu ili nibadilishe zote nne kwa pamoja.

Muuzaji nilimpata kupitia kundi la WhatsApp la wafanyabiashara wa mazao, ambamo alikuwa akiweka picha za tairi zinazong'aa na kueleza kwamba ni mzigo mpya uliopitia Dar es Salaam. Nilimweleza kwamba gari langu lilitoka na tairi za kipimo cha 265/65R17, na kwamba nilitaka kupanda kidogo tu hadi 265/70R17. Akaniambia anazo, kwa Sh 380,000 kila moja, wakati dukani nilikuwa nimeulizia nikatajiwa zaidi ya Sh 600,000. Tofauti hiyo ingetosha kunishtua, lakini alikuwa na maelezo ya kila kitu, na anazungumza kwa adabu sana. Tulikutana jioni karibu na Mwanjelwa, si dukani, bali kando ya barabara, akiwa na fundi wake na mashine yake ya upepo. Nilipofika tairi mbili zilikuwa tayari zimevikwa kwenye rimu za akiba alizokuja nazo. "Mzee wangu, nimekurahisishia usichelewe," akasema, "tunafunga hizi, rimu zako tunazivika hizo nyingine." Nikamshukuru.

Kipimo nacho hakikuwa kile tulichokubaliana. Tairi alizoleta zilikuwa 285/70R17, na nilipouliza akajibu kwamba zile nyingine zimekwisha na kwamba hizi zinaingia bila shida yoyote. Haziingii bila shida. Tairi ya 265/65R17 ina kimo cha takriban milimita 776 kutoka juu hadi chini, ile niliyoitaka ina takriban 803, na hii aliyonifungia inafika takriban 831, yaani imezidi ya awali kwa karibu asilimia 7, tena ni pana zaidi kwa milimita 20. Nilipokata usukani hadi mwisho, tairi za mbele zilisugua madigadi, na fundi wake akataka kukata plastiki ya ndani kwa kisu cha moto palepale. Nilimkatalia. Ongezeko hilo pia huidanganya spidi mita, kwa kuwa gurudumu kubwa huenda mbali zaidi kwa kila mzunguko: kwa hesabu hiyo, dashibodi ikisoma 80 gari linakwenda karibu 86, na ikisoma 50 linakwenda kati ya 53 na 54, jambo ambalo askari mwenye tochi ya kupima mwendo pale Uyole au Igawa hatakusikiliza ukilieleza. Injini nayo hupata kazi kubwa zaidi kwenye milima na breki hulemewa. Mtu anayetaka kimo kile anapaswa kwanza kuliandaa gari, na muuzaji mwaminifu angenieleza hivyo kabla ya kupokea fedha.

Wiki tatu baadaye, nikishuka kutoka Ilembo na gunia 8 za viazi, nilianza kusikia mtikisiko upande wa nyuma kushoto, kana kwamba nati zimelegea. Nilipunguza mwendo ili nitafute pa kuegesha, na kabla sijasimama kukawa na kishindo, kisha kitu kikaanza kupiga madigadi kwa nguvu kwa kila mzunguko wa gurudumu. Tairi haikupasuka, upepo ulikuwamo. Kilichotoka ni ngozi yote ya juu yenye meno, iliyobanduka kama ganda la chungwa, ikaning'inia kwa kipande cha upana wa kiganja, na chini yake mikanda ya waya ikaonekana ikiwa na kutu nyekundu. Madigadi ilipinda na bomba la maji lililokuwa karibu na bodi likakatika. Tunamshukuru Mungu kwamba hatukuwa kwenye kona.

Fundi wa tairi wa Mbalizi, kijana ambaye simfahamu na ambaye hakuwa na sababu ya kunifurahisha, alizivua zote nne, akaziweka chini, akalowesha kitambaa na kuisugua moja ubavuni. Kitambaa kikawa cheusi. "Baba, hii ni kiwi," akasema, kisha akanionyesha nyufa ndogondogo zilizokuwa zimefichwa na weusi ule, zikizunguka tairi nzima karibu na rimu. Halafu akaigeuza ili niuone upande uliokuwa umetazama ndani ya gari, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini muuzaji alikuja na tairi zilizokwisha kuvikwa na kwa nini alichagua jioni.

Karibu kila tairi ina maandishi yanayoanza na herufi DOT, na tarakimu nne za mwisho ndizo zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa. Ikiwa imeandikwa 2213, tairi hiyo ilitoka kiwandani wiki ya 22 ya mwaka 2013. Wengi wetu hatujui kwamba mara nyingi namba hiyo nzima huandikwa upande mmoja tu, na upande wa pili maandishi ya DOT huishia njiani bila tarehe. Muuzaji alikuwa ameielekeza tarehe ndani kwenye tairi zote. Mbili zilikuwa za 2213, ya tatu ilikuwa 4011, na ya nne, ambayo ndiyo iliyobanduka, ilikuwa imesagwa kwa mashine mahali pa tarehe, pakabaki alama laini ya mviringo inayosikika ukipapasa kwa kidole. Tairi nne zinazodaiwa kutoka katika mzigo mmoja haziwezi kupishana hivyo.

Mpira huzeeka hata ukiwa umelala stoo. Hewa na joto huukausha, ukawa mgumu, na mshikamano kati ya ngozi ya juu na mikanda ya waya iliyo chini yake hupungua. Ndiyo maana watengenezaji wengi hushauri tairi ikaguliwe kila mwaka baada ya miaka 5 na isitumike kupita miaka 10 hata kama meno yapo. Kuchonga huongeza hatari hiyo, kwa sababu kisu cha moto hupunguza mpira unaoufunika waya, maji ya mvua hupata njia ya kupenya, kutu hushika, na siku gari linapobeba mzigo na kupata joto mteremkoni, ngozi huachia. Zipo tairi zinazoruhusiwa kuchongwa, hasa za malori, na hizo zimeandikwa REGROOVABLE ubavuni. Za kwangu hazikuwa na neno hilo.

Kuitambua tairi iliyochongwa si kazi ngumu kukiwa na mwanga. Ndani ya mifereji ya tairi ya kiwandani kuna vituta vidogo vya mpira, vyenye kimo cha milimita 1.6, vinavyoonyesha kwamba meno yakifika hapo tairi imekwisha. Mchongaji huvikata vituta hivyo au kuviacha na makovu. Sakafu ya mfereji uliochongwa huwa na mikwaruzo ya kisu na kina kisicholingana, wakati ya kiwandani ni laini na ya kina kimoja. Bonyeza mpira kwa ukucha: ulio mpya hukubali kidogo, uliozeeka hukataa kama kwato. Kisha chukua kitambaa chenye maji na ufute ubavuni, hata kama muuzaji atakasirika. Soma pia namba ya uzito inayofuata kipimo, kwa mfano 112, ambayo maana yake ni kilo 1,120 kwa tairi moja. Isiwe chini ya ile iliyotoka na gari lako, kwani tairi kubwa kwa umbo si lazima iwe na nguvu ya kubeba kuliko ndogo.

Kuhusu fedha, nilikosea pia. Nilimtumia Sh 1,520,000 kwenye namba yake binafsi ya simu, na nilipodai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, aliniahidi kuileta kesho yake. Tangu siku niliyompigia kuhusu ajali simu yake haipatikani, na kwenye kundi amejiondoa. Risiti ile ingekuwa na jina la biashara na namba ya mlipakodi, na ningeweza kuihakiki kupitia TRA nikiwa bado nimesimama mbele yake. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, lakini haki hiyo ni ngumu kuidai kwa mtu usiyejua anapopatikana. Sisemi kwamba kila auzaye tairi za mtumba ni tapeli. Wapo wanaokuambia wazi kwamba ni mtumba, wanakuonyesha mwaka, na bei inafanana na ukweli huo.

Nimetoa taarifa polisi na kupewa namba ya RB, yaani ya kumbukumbu ya taarifa, na ninaandaa malalamiko kwa Tume ya Ushindani nikiwa na picha za namba za DOT, muamala wa simu na mazungumzo yetu ya WhatsApp. Tairi zote nne nimezihifadhi bila kuzisafisha, pamoja na kile kipande cha ngozi. Ikiwa nawe uliuziwa jioni, kando ya barabara, tairi ambazo zilikuwa tayari kwenye rimu, ingia chini ya gari leo na tochi, usome upande wa ndani, na ukikuta tarehe ya zamani au mahali palipolainishwa, usipakie mzigo, piga picha, kisha andika hapa ili malalamiko yetu yapelekwe kwa pamoja.