Kutoa keshi kwa kadi kwenye sheli, uzoefu wangu

Mimi naweka mafuta jioni nikitoka kazini na mara nyingi naunganisha na kutoa keshi hapohapo, yaani unalipia mafuta kwa kadi, unaomba wakukate na ya ziada halafu hiyo ya ziada wanakupa mkononi, unaokoa safari ya ATM. Ila sheli na sheli zinatofautiana sana jamani.

Ile niliyokuwa naenda zamani, siku moja mhudumu kapitisha kadi kwanza, mafuta pamoja na keshi, risiti imeshatoka, ndo anavuta droo. Ndani noti ndogo nne na sarafu. Kumbe zamu ya mchana walishatumbukiza hela zote kwenye sefu, na ile sefu ina tundu la kuingizia tu, ufunguo hana, hata umlilie vipi. Kwenye sefu simlaumu kabisa, maana hela zikijaa kwenye droo usiku na majambazi wakaja, roho iliyo hatarini ni ya yeye anayesimama pale. Kilichoniuma ni kukata kadi kabla hajaangalia kama anazo! Kurudishiwa muamala ikachukua siku kadhaa, benki wananiambia subiri, sheli wananiambia nenda benki.

Nikahama. Hii ya sasa mhudumu anauliza kwanza unataka kiasi gani, anachungulia droo, kama hazitoshi anakwambia "kaka nina nusu yake, nikupe hiyo au usubiri kidogo yule pale analipa keshi?" Kadi haijaguswa bado. Risiti inaonyesha mafuta mbali keshi mbali, noti anazihesabu mbele yako halafu anakupa na wewe uhesabu kabla hujaondoka. Na ukilipa keshi, noti yako haiingii kwenye droo mpaka chenji iwe mkononi mwako, anaiweka juu ya kaunta kaibana kwa kikokotoo, hapo hakuna ubishi wa ulitoa noti gani. Nakipenda sana hicho kitu.

Nilimuuliza mbona makini hivyo. Akasema mwisho wa zamu wanasoma mita ya pampu, wanatoa ile namba ya mwanzo wa zamu, lita zilizotoka zinapigiwa hesabu ya hela, halafu keshi ya kwenye droo, iliyoingia kwenye sefu, risiti za kadi na keshi walizotoa kwa wateja lazima vyote vikubaliane, ikitokea shoti, yaani hela zimepungua, anakatwa yeye. Toka siku hiyo simharakishi tena hata foleni iwe ndefu vipi.

Kadi ya mkopo walinikatalia, wanatoa kwa ile ya akaunti ya kawaida tu, sawa. Ila kiwango cha mwisho cha kutoa hawajakiandika popote na hilo warekebishe, na keshi ikiisha wabandike karatasi pale kwenye pampu, mtu ajue kabla hajafungua tenki.