Uzoefu wangu na Les Feux de l'amour: ninaifuata kwa ajili ya Michael Baldwin

Nyota nne kwa tano, na tatu kati ya hizo ni za mhusika mmoja peke yake, Michael Baldwin.

Kwa wasioijua, hii ni tamthilia ya Marekani iliyoanza kwenye televisheni ya CBS mwaka 1973, na Wafaransa wakaanza kuionyesha kwenye televisheni yao ya TF1 mwaka 1989. Hapa Lubumbashi tunaiangalia kwa sauti za Kifaransa. Ukoo wa Newman na ukoo wa Abbott wanagombania makampuni na wake. Hayo sitayasema sana, yamejaa kila mahali.

Michael aliingia mwaka 1991, mwanasheria mwenye suti safi na roho chafu. Alimsumbua mwenzake wa kazi, Christine Blair, na alipokataliwa akafika hadi kutoboa ukuta wa nyumba ya jirani ili amfikie. Akafungwa. Aliporudi mwaka 1997 watunzi wangeweza kumhamisha Christine mji mwingine, sisi watazamaji tusahau. Hawakufanya hivyo. Christine yupo, anapishana naye, anamkatalia, ana haki ya kumkatalia. Michael anafanya kazi, ananyamaza, anatukanwa, anafanya kazi tena. Miaka inapita kabla watu hao wawili hawajaweza kukaa meza moja kama wanasheria. Na muda huo wote mchezaji ni yule yule, Christian LeBlanc: unamwona akizeeka ndani ya toba yake. Tuzo tatu za Emmy za mchana (za Marekani, kwa vipindi vya televisheni vya mchana) alizopata, 2005, 2007 na 2009, alizistahili kabisa.

Mama mkubwa, tunayeangalia naye kule mtaa wa Katuba, hasahau kitu. Michael akimwoa Lauren Fenmore, sisi tunashangilia, yeye anauliza: "Huyu si ndiye wa ukuta?" Halafu anavuta kiti karibu zaidi na televisheni. Katika avenyu yetu kuna kijana aliyetoka gereza la Kasapa, anauza makala (makaa ya kupikia) mbele ya parseli yao, yaani kiwanja cha nyumba yao, na wapo wanaovuka barabara wakanunue kwa mwingine, hata kama gunia lake limejaa vizuri. Mama mkubwa sasa ananunua kwake. Lakini pesa anampa mkononi na mlango wa jikoni anaufunga. Ninaona hapo kuna ukweli ule ule ambao tamthilia hii inauheshimu: mtu kumpa mwenzake nafasi hakumlazimishi aache kujilinda.

Mwaka 2003 akaja Kevin Fisher, mdogo wake Michael kwa mama, na yeye mhalifu. Alijaribu kumuua msichana Colleen kwa moto. Polepole tunajua kwamba baba yake, Tom, alikuwa akimpiga na kumfungia kabatini alipokuwa mtoto. Greg Rikaart anaicheza hofu hiyo kwa mabega: mtu akipaza sauti tu, Kevin anajikunja. Michael anamtetea kwa sababu anaitambua njia ile, aliipita mwenyewe. Sehemu za ndugu hawa wawili peke yao chumbani ndizo bora kuliko zote nilizoona.

Nyota moja nimeiondoa kwa mambo mawili. Mwaka 2009 walimvalisha Kevin kinyago cha kindi akaibe benki, analazimishwa na wahalifu wengine. Mtu aliyehangaika miaka sita kujinyoosha, mnamrudisha kwenye wizi kwa ajili ya kutushtua? Ilinikera sana. Pili, Kifaransa tunachoangalia kiko nyuma ya Marekani kwa miaka, kwa hiyo usifungue intaneti kutafuta jina la mchezaji. Utakuta nani amekufa na nani ameachika. Na umeme ukikatika saa ya kipindi, tafuta marudio, usikubali kusimuliwa.

Anayeanza leo, aanzie kwa Kevin, 2003. Ya Michael utayapata humo humo, Christine akikumbusha.