Mabwawa ya Majitaka ya Mabogini, Moshi: Tathmini ya Huduma

Huduma ya majitaka kwa kawaida hupimwa na anayeilipia, yaani mwenye nyumba anayeridhika maadamu choo hakizibi na chemba haifuriki. Mimi naona kipimo hicho hakitoshi. Mabwawa ya Mabogini, yanayopokea majitaka ya mji wa Moshi chini ya mamlaka ya maji ya mji huo, MUWSA, yanastahili kupimwa pia kwa niaba ya watu wasioletewa ankara yoyote: mkulima wa mpunga, mfugaji anayenywesha ng'ombe upande wa Kahe, na mvuvi wa Nyumba ya Mungu, bwawa linalolishwa na mito Kikuletwa na Ruvu kabla maji hayajashika njia ya Mto Pangani kwenda Bahari ya Hindi.

Majitaka mabichi yakiingia mtoni, bakteria huanza kula uchafu uliomo na kumaliza oksijeni ya maji, hivyo samaki hufa kwa kukosa hewa hata pasipo sumu yoyote. Ndiyo maana kanuni za Tanzania zinataka maji yanayorudishwa kwenye mazingira yasihitaji zaidi ya miligramu 30 za oksijeni kwa lita katika siku tano za kipimo, ilhali majitaka ya majumbani mara nyingi huhitaji zaidi ya 200.

Mabwawa ya namna hii hulipunguza hitaji hilo bila kemikali. Penye bwawa la awali lenye kina cha mita 2 hadi 5, taka nzito hutuama na kuozeshwa na bakteria wasiohitaji hewa. Katika linalofuata, lenye kina kifupi zaidi, mwani hutengeneza oksijeni kwa mwanga wa jua na bakteria wengine huitumia kumalizia uchafu ulioyeyuka. Na katika yale ya mwisho, mapana na yasiyo na kina, jua huua vijidudu vya maradhi. Kwa mji ulio kwenye mteremko wa Kilimanjaro, wenye tambarare ya joto chini yake, nauona uteuzi huu kuwa wa busara kuliko mitambo inayosimama kila umeme unapokatika.

Kinachonivutia zaidi ni mpunga. Wakulima wa Mabogini hutumia maji yaliyosafishwa kumwagilia mashamba, na naitrojeni na fosforasi iliyobaki, ambayo ingekwenda kurutubisha magugu na mwani huko chini, huliwa na mimea shambani. Hata hivyo, mkulima husimama miguu mitupu ndani ya tope la shamba linalomwagiliwa maji hayo. Shirika la Afya Duniani limependekeza maji ya umwagiliaji yasizidi yai 1 la minyoo kwa lita, na mayai hayo hutuama tu pale maji yanapokaa siku za kutosha. Tope likiachwa lijae chini ya bwawa, nafasi hupungua, maji hupita upesi, na kinga hiyo hudhoofika ijapokuwa kwa macho bwawa linaonekana zima. Kwa hiyo uondoaji wa tope kwa wakati ndio sehemu ya huduma hii ninayoipa uzito kuliko zote, na ningependa matokeo ya vipimo vya bwawa la mwisho yabandikwe katika ofisi za vijiji vilivyo chini yake.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ninayoizuia inahusu ufikaji wa huduma, kwa kuwa kaya nyingi za Moshi hazijaunganishwa na bomba la majitaka na hutegemea makaro na vyoo vya shimo, ambavyo vikijaa huhitaji gari la kunyonya. Mwenye nyumba wa namna hiyo na aite gari lenye kibali, kisha aulize litakwenda kumwaga wapi kabla hajalipa.