Uzoefu Wangu wa Wodi ya Watoto Wachanga: Mashine ya Mapovu, Kangaruu na Dua

Huduma ninayoieleza hapa ni ya wodi ya watoto wachanga wagonjwa katika hospitali ya rufaa ya mkoa mmoja wa pwani ya Tanzania, ambako mwanangu wa kwanza alilazwa baada ya kuzaliwa njiti, mimba ikiwa na wiki 31 na yeye akiwa na uzito wa gramu 1,450. Hospitali sitaitaja kwa jina, kwa sababu si yote nitakayoyasema ni ya sifa.

Mtoto alilia kwa sauti nyembamba, kisha akaanza kuguna kila alipotoa pumzi, mbavu zikizama ndani na midomo ikipauka. Tulielezwa baadaye kwamba mapafu ya mtoto wa umri huo hayajatengeneza vya kutosha ule utando unaozuia vifuko vya hewa visigandamane, na kwamba sindano za deksamethazoni nilizoanza kuchomwa nilipofikishwa leba zilikuwa za kuyakomaza mapafu hayo mapema, ila uchungu haukungoja dozi zikamilike.

Mashine aliyowekewa si ya ajabu kama nilivyodhani. Hewa iliyochanganywa na oksijeni hupita kwenye vijibomba viwili vya puani, na ncha ya pili ya mpira huzamishwa ndani ya chupa ya maji kwa kina cha sentimita tano au sita. Kina hicho ndicho kinachopanga nguvu ya msukumo unaoyafanya mapafu yasifunge mtoto anapotoa pumzi. Chupa hutokota mfululizo kama sufuria ya uji, na sista wa zamu alinielekeza nimwite mara moja mapovu yakikoma, kwa maana huenda hewa inavuja mahali au vijibomba vimechomoka. Kwa kazi hiyo moja naipa wodi alama zote: mapovu yalipokoma usiku, nilipoita, mtu alikuja.

Sisi ni Waislamu, na yale ambayo kwa kawaida hufanyiwa mtoto nyumbani yalitukuta wodini. Mume wangu alitaka kumwadhinia mwanawe, na nilidhani atafukuzwa. Sista hakumkatalia. Alimtaka avue saa na pete, anawe kwa sabuni hadi viwikoni, avae joho la wodi, kisha asimame upande usio na mipira na aadhini kwa kunong'ona, kwa kuwa kelele huwashtua njiti hata oksijeni yao ikashuka. Tahniki, yaani kumpaka mtoto mchanga tende iliyolainishwa ndani ya kinywa, ilibidi iachwe. Sheikh wa msikiti wetu, alipopigiwa simu, alijibu bila kusita kwamba tahniki ni sunna ilhali kuuhifadhi uhai ni wajibu, na kwamba akika, yaani kumchinjia mtoto mnyama, nayo inaweza kungoja hata ikipita siku ya saba.

Mama mkwe wangu alikuja na kombe ndani ya chupa, yaani maji yaliyooshea aya za Kurani zilizoandikwa kwa zafarani na mwalimu wa chuo cha Kurani, akitaka mjukuu atiwe japo tone moja mdomoni. "Shikamoo mama," sista alimwambia. "Tumbo la mjukuu wako bado halipokei kitu isipokuwa maziwa ya mamake. Kombe mpe mkweo anywe, naye atamkamulia mtoto." Mama mkwe aliridhika, nami nikalinywa mbele yake. Dang'a niliyokamua, ambayo haikujaza hata kifuniko cha soda, iliingizwa kwa mpira wa kulishia unaopita puani hadi tumboni, na baada ya hapo nilitakiwa kukamua kila baada ya saa tatu, usiku na mchana.

Kasoro kubwa ya huduma hii, kwa maoni yangu, ni namna taarifa zinavyotolewa. Daktari mmoja wa zamu alikuwa na desturi ya kujibu maswali yetu kwa maneno "Mwombeni Mungu", kisha akahamia kitanda kinachofuata. Kuomba tulikuwa tunaomba, na hatukuhitaji daktari wa kutukumbusha. Tulichokihitaji kwake ni kujua mtoto anaendeleaje, kinachohofiwa ni nini, na dalili gani ingeonyesha nafuu. Mzazi akiambiwa neno hilo bila maelezo huelewa kuwa mwanawe amekatiwa tamaa, na jioni ya siku ile mama mkwe aliulizia bei ya sanda kwa siri, nami nikasikia.

Aliyetutoa katika hali ile ni sista yule yule. Alinionyesha kifaa kidogo kilichobanwa mguuni mwa mtoto na kueleza kwamba tarakimu ya oksijeni inatakiwa iwe kati ya 90 na 95: chini ya hapo mwili unakosa hewa, na juu ya hapo, maadamu mtoto bado anapewa oksijeni, macho ya njiti yanaweza kudhurika. Kwa kuwa nilikuwa katika nifasi, yaani siku za damu ya uzazi, sikuweza kuswali, lakini dua na dhikri hazikuwa na kizuizi, na tangu usiku ule nilijua ninachokiomba. Nilileta uradi huku jicho likiwa kwenye tarakimu.

Kangaruu tuliianza mtoto akiwa bado na vijibomba puani. Huvuliwa nguo zote ila nepi, kofia na soksi, akawekwa wima kati ya matiti, ngozi kwa ngozi, uso umegeuzwa upande, kisha mkafungwa pamoja kwa kanga. Utafiti uliofanywa katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, na kutangazwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba kuanza njia hii mapema, bila kungoja mtoto atulie kwanza, kulipunguza vifo vya njiti kwa takriban robo, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Mimi niliona kwa macho yangu kwamba miguu yake iliyokuwa baridi ilipata joto, na tarakimu ikaacha kurukaruka. Baba yake pia alifungwa kanga akakaa naye kifuani, akimsomea Yasin kwa sauti ya chini, jambo lililowachekesha kina mama wa vitanda vya jirani hadi waume wao nao walipoitwa.

Kuhusu mengineyo: umeme ulipokatika mitungi ya oksijeni ilikuwa tayari, mabomba ya sindano yalipoisha tuliyanunua duka la dawa la nje, na viti vya kangaruu ni vichache, hivyo kina mama hupeana zamu au hukaa sakafuni na mishono yao ya upasuaji. Mahali pa akina baba kungoja au kuswali hapapo.

Kipimo cha macho, ambacho njiti aliyepewa oksijeni hutakiwa kufanyiwa akifikisha takriban wiki nne, hakifanyiki hapo. Barua ya rufaa tuliipata siku ya kuruhusiwa kwa sababu tuliiulizia wenyewe, na ningeshauri kila mzazi aiulizie kabla ya kufungasha vitu vyake.