Kuuza mtungi wa gesi na kupikia umeme: tathmini kutoka jikoni Tabata

Nyumbani kwetu Tabata tulipika kwa umeme peke yake kwa miezi mitatu, kisha tukaurudisha mtungi wa gesi ndani, ingawa si ule uliotoka. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya mwenye nyumba au mpangaji wa Dar es Salaam anayejiuliza kama auze mtungi wake na kutegemea umeme kwa mapishi na maji ya moto, kwa sababu nilipokuwa nikijiuliza swali hilo nilijibiwa na wauzaji tu, na kila mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Sisi ni watu watano, akiwemo mama yangu mzazi anayekuja kutoka Tanga kukaa nasi miezi miwili mitatu kila mwaka, na huyo ndiye aliyekuwa mkaguzi mkali kuliko mimi. Vyombo nilivyonunua ni jiko la induksheni la wati 2,000 lenye sehemu moja ya kupikia, presha kuka ya umeme ya lita sita yenye wati 1,000, na birika la umeme.

Kilichonisukuma kuhama kilikuwa mizani. Siku moja bodaboda alituletea mtungi wa kilo 15 kutoka duka la karibu, nami nilipoubeba nikahisi mkono haukubaliani na bei. Uzito wa mtungi mtupu huchorwa kwenye chuma chenyewe, kwa hiyo niliupeleka kwa muuza mahindi jirani, tukaupima, nikatoa uzito wa chuma, na gesi iliyobaki ikapungua kilo moja na ushee. Muuzaji anatakiwa awe na mizani dukani ili mteja apime kabla ya kulipa. Wa kwangu alinijibu kwa upole kabisa, “Mama, mizani imepelekwa kwa fundi.” Sikurudi tena kwake, lakini hesabu ilikuwa imekwisha kuanza kichwani.

Katika hesabu hiyo kuna jambo ambalo watu wengi tunaoishi jijini hulichanganya. Gesi asilia ya Songo Songo kule Kilwa na Mnazi Bay kule Mtwara, ile tunayoisikia kwenye taarifa za habari, si hii iliyomo mtungini mwetu. Ile husafirishwa kwa bomba na sehemu kubwa huchomwa kwenye mitambo ya kufua umeme kama ya Kinyerezi, ilhali ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani unaoletwa kwa meli kutoka nje. Kwa hiyo anayepikia umeme Dar es Salaam ndiye anayepikia gesi ya Kilwa na Mtwara, pamoja na maji ya Rufiji yanayozungusha mitambo tisa ya Bwawa la Julius Nyerere, yenye uwezo wa megawati 2,115. Bei ya mtungi hufuata soko la dunia na thamani ya shilingi. Bei ya uniti ya umeme hupangwa na mdhibiti wa nishati, EWURA, na hukaa pale pale kwa miaka.

Nije kwenye shilingi. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina nishati inayokaribia uniti 12.8 za umeme, lakini katika jiko la kawaida takribani nusu yake ndiyo huingia kwenye chakula, na nusu nyingine hupita pembeni mwa sufuria na kumpasha moto mpishi. Kwa bei niliyokuwa nikinunua, shilingi 58,000 kwa kilo 15, kila uniti moja ya moto uliofika kwenye chakula ilinigharimu karibu shilingi 600. Umeme wa kundi la T1, yaani la wateja wa kawaida, ambalo ndilo letu, ni shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na ukishaongeza asilimia 18 ya kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 3 ya tozo ya umeme vijijini na asilimia 1 ya mdhibiti unafika shilingi 356. Jiko la induksheni hupeleka takribani asilimia 85 ya umeme wake kwenye sufuria, hivyo moto ule ule unapatikana kwa shilingi 420 hivi. Kwa mwezi, matumizi yetu ya LUKU yalipanda kutoka uniti 110 hadi 178, yaani nyongeza ya shilingi 24,000 na kidogo, wakati gesi ilikuwa ikitula zaidi ya 43,000. Kwa nyumba kama yetu, yenye friji, pasi na feni tatu, hesabu hiyo haina ubishi.

Ubishi uko kwa jirani yangu, na hapa ndipo ninapomwomba msomaji asiharakishe. Yeye ana vyumba viwili na mita yake mwenyewe, hana friji, na kwa mwezi hutumia uniti 48 tu, kwa hiyo yumo kwenye kundi la D1, la wanaotumia umeme kidogo, ambako uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, au 122 mkononi, mradi wastani wake usizidi uniti 75 kwa mwezi. Uniti inayovuka 75 hutozwa shilingi 350 kabla ya kodi, na anayeendelea kuvuka huhamishiwa T1. Angefuata mfano wangu na kuongeza uniti 68, angefika 116, na siku akihamishwa angelipa zaidi ya shilingi 41,000 mahali ambapo leo analipa chini ya 6,000. Nyongeza hiyo ya 35,000 ingemeza karibu faida yote ya kuacha gesi. Lakini nilipomshauri anunue presha kuka peke yake, apikie maharage, makande na nyama, na mengine ayaache kwenye gesi, aliongeza uniti 15 tu, akabaki kwenye 63, na nyongeza yake ikawa shilingi 1,830 kwa mwezi. Sijaona popote jijini ambako shilingi 1,830 zinapika makande ya mwezi mzima. Tangazo la jiko la umeme halitakuambia uko kundi gani, na risiti yako ya LUKU ndiyo ya kuisoma kabla ya kwenda Kariakoo.

Presha kuka ndicho chombo ninachokisifu bila kigugumizi. Nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa usiku iliiva kwa dakika 40 na kutumia uniti 0.35 kwa kusoma mita kabla na baada, sawa na shilingi 125. Kwa gesi nilipika kiasi hicho hicho mara tatu, nikaupima mtungi, ukawa umepungua gramu 600 hivi, yaani zaidi ya shilingi 750 kwa kila chungu. Tofauti kubwa hivyo haitokani na bei ya nishati pekee. Chombo kimefunikwa, kina ukuta wa kuzuia joto, na kikishafika kwenye presha hujizima na kujiwasha kidogo kidogo, wakati sufuria ya gesi hutoa mvuke saa nzima na nusu. Makongoro, kisamvu, ndizi na nyama, vyote vilitoka vizuri. Wali wa nazi ulihitaji majaribio mawili, kwa kuwa maji hayapungui kwa mvuke kama tulivyozoea, na wa kwanza ulikuwa bokoboko. Kasoro yake ni mpira wa mfuniko, ambao hushika harufu ya samaki na kuhamishia kwenye wali, kwa hiyo nina mipira miwili, mmoja wa samaki na mmoja wa vingine.

Jiko la induksheni lina maneno zaidi. Nilikwenda kulinunua Kariakoo nikiwa na sumaku ndogo niliyoibandua kwenye mlango wa friji, kwa kuwa jiko hili hupasha chuma kinachoshika sumaku tu. Muuzaji aliniambia, “Dada, hili linakubali sufuria zote.” Nikaiweka sumaku kwenye rundo la sufuria za alumini alizokuwa akiuza pembeni, ikaanguka. Akacheka: “Dada umekuja na maabara.” Na hilo ndilo gharama iliyofichika, kwa sababu sufuria za alumini zisizo na mikono ndizo zilizojaa katika majiko ya mji huu, na kuhamia induksheni ni kuzistaafisha zote, pamoja na chungu cha udongo cha mchuzi wa samaki. Sisi tulinunua sufuria mbili za chuma cha pua zenye kitako kizito, na bei yake ilikaribia bei ya jiko lenyewe.

Mama alilipima kwa ugali. Aliweka sufuria ya alumini, jiko likapiga mlio na kuandika alama ya kosa, akainua, akarudisha, likapiga tena. “Mwanangu, jiko gani hili linachagua sufuria kama mwali anayechagua posa?” Nikampa ile ya chuma cha pua. Maji yalichemka haraka kuliko alivyotarajia, akanyamaza, ila unga ulipoanza kukaza na mwiko ukahitaji nguvu, sufuria ilianza kuzunguka juu ya kioo. Kwenye jiko la gesi vyuma hushika kitako, hapa hakuna cha kushika, na kila alipoinamisha sufuria ili apate pembe ya kusongea jiko lilijizima. Ugali wa watu wawili unasongeka bila taabu. Ugali wa watu watano unahitaji mikono mitatu. Tatizo la pili ni tui: majiko ya bei ya chini hayapunguzi moto kwa kweli, bali huwaka kwa nguvu na kuzima kwa kupokezana, na tui la kwanza likikutana na mwako wa namna hiyo hukatika hata ukikoroga. Chapati, kwa upande mwingine, zilikuwa bora kuliko za gesi, kwa sababu kaango la chuma hupata joto sawasawa na halina ukingo unaoungua kabla ya katikati kuiva. Na jikoni hakuna joto, jambo ambalo kwa mwezi wa Februari katika mji huu lina thamani yake.

Birika halinihitaji maneno mengi: lita moja ya maji huchemka kwa uniti 0.1, chini ya shilingi 40, na maji ya kuoga ya mtoto wakati wa kipupwe tunayapata humo humo. Hita ya bafuni inayopasha maji papo hapo hatukufunga, kwa kuwa nyingi huvuta zaidi ya wati 5,000 na zinataka waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la brekka.

Kuhusu waya, wiki ya pili tulinusa plastiki ikiungua. Soketi ya jikoni ilikuwa moja, nasi tulikuwa tumechomeka friji, induksheni na presha kuka kwenye ekstensheni moja ya bei rahisi, ambayo ilikuwa imelainika na kugeuka kahawia kwenye plagi. Fundi alifungua soketi, akatazama, akasema, “Mama, hapa umepitishiwa waya wa taa.” Alivuta waya mpya wa milimita nne na brekka yake, akaweka soketi mbili. Aliyepanga chumba katika nyumba yenye mita moja ya kuchangiana aanze kwa mazungumzo na wenzake, maana jiko la wati 2,000 litaonekana kwenye mchango wa kila mtu kabla ya wali kuiva. Tukiri pia kwamba gesi ina hatari yake: ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama sakafuni, na povu la sabuni kwenye regulata kila unapobadili mtungi ni desturi ambayo nyumba nyingi hazina.

Kilichonirudisha kwenye mtungi ni jioni moja ya mvua. Mgao wa mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 ulikwisha mitambo ya Rufiji ilipoanza kuingia kwenye gridi, lakini kukosekana kwa mgao si sawa na kutokatika kwa umeme, hasa mvua inapofuatana na upepo. Saa kumi na mbili na nusu umeme ulizimika, presha kuka ikiwa na makande na kaango likiwa na chapati ya nne. Makande yaliendelea kuiva yenyewe kwa joto lililofungiwa ndani, tukayala saa mbili yakiwa laini. Unga wa chapati ulilala ndani ya bakuli hadi asubuhi. Maziwa ya mtoto nilikwenda kuyachemsha kwa yule jirani wa uniti 48, kwenye gesi yake, nikiwa nimemhubiria umeme wiki moja kabla.

Mtungi wa kilo 15 nilikuwa nimeshauuza, na sijaujutia. Nilinunua wa kilo sita wenye jiko lake juu, nikaupima dukani kabla ya kulipa, na sasa kazi yake ni ugali wa Jumapili, samaki wa nazi kwenye chungu, na siku za giza. Unakaribia mwezi wa tatu na bado una gesi. Induksheni ningeinunua tena, ila ningetenga fedha za sufuria kwanza.

Mama aliporudi Tanga, ambako nyumba yake ina taa nne, redio na feni na hajawahi kufikisha uniti 40 kwa mwezi, hakuomba induksheni. Aliomba presha kuka, nami nikamfungia pamoja na mipira miwili ya akiba, mmoja nikauandika “samaki” kwa kalamu ya wino.