Programu ya kuhariri filamu ndefu: ipi ununue kwanza

Filamu ya dakika 90 haimalizwi kwa wiki mbili. Tangu kuingiza picha kwenye kompyuta hadi nakala ya kupeleka ukumbini, mara nyingi mwaka unakatika. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ipi ina madoido mengi, uliza kama mwakani utaifungua kazi yako bila kulipa tena. Nimezipanga kwa kigezo hicho.

1. DaVinci Resolve. Anza hapa. Toleo la bure si la majaribio: halina tarehe ya kuisha, na linatoa picha hadi pikseli 3840 kwa 2160. Unakata, unasahihisha rangi na unachanganya sauti humo humo. Toleo la kulipia, liitwalo Studio, ni dola 295, unalipa mara moja tu. Faida yake kubwa kwetu ni kusafisha chenga kwenye picha zilizopigwa penye mwanga hafifu. Kamera ya Blackmagic Pocket 4K, ya kampuni hiyo hiyo inayotengeneza Resolve, ikiwa mpya huja na Studio, kwa hiyo mdai muuzaji namba ya leseni kabla hujatoa hela.

Kuna mambo yanayowaliza wengi. Panga idadi ya fremu (picha moja moja) kwa sekunde, 24 au 25, kabla hujaingiza picha hata moja, maana baada ya hapo haibadiliki. Pili, mradi haukai kwenye folda ya video, unakaa kwenye hifadhidata ya programu yenyewe. Ukinakili folda peke yake, kisha kompyuta ikaibiwa, picha utabaki nazo lakini mikato yote imekwenda. Kila jioni toa faili la mradi, lile linaloishia na .drp, ulihifadhi kwenye diski nyingine. Kwa wa Linux: toleo la bure halisomi H.264, muundo wa kubana video unaotumiwa na simu nyingi, yaani video nyingi za simu utazibadili kwanza.

Kumbukumbu ya kompyuta (RAM) ya gigabaiti 16 ndiyo ya kuanzia. Chini ya hapo utateseka.

2. Final Cut Pro. Kama tayari una Mac, fikiria hii: dola 299.99 mara moja. Inakimbia vizuri hata kwenye Mac ndogo za M1. Uzuri wa kulipa mara moja uonekane hapa: filamu ya Kikorea Parasite, ya 2019, ilihaririwa kwa Final Cut Pro 7, toleo ambalo Apple waliacha kuliuza tangu 2011, na bado ikateuliwa kuwania Oscar ya uhariri.

3. Premiere Pro. Ni programu nzuri, na kumpata msaidizi anayeijua si kazi. Lakini ni ya kupanga: takriban dola 23 kwa mwezi kwa mkataba wa mwaka. Mwaka mmoja tu umekaribia bei ya Studio, na ukiacha kulipa mradi haufunguki. Ichukue ikiwa mteja au mwenzako ameshaanza kazi humo.

4. Kdenlive. Ni bure kabisa na haisumbui kompyuta ya zamani. Kwa kukata inatosha. Rangi na sauti ndiko inakoachwa mbali.

Avid, programu nyingine ya kuhariri, ni ya studio kubwa zenye wahariri wengi kwenye mradi mmoja. Nakala zilizochakachuliwa usiziguse: mara nyingi zinakuja na virusi, na kirusi kinaweza kukufungia picha za waigizaji ambao hutaweza kuwaita tena.

Hela utakayookoa ipeleke kwenye diski. Ukipiga mara kumi ya urefu wa filamu, una saa 15 za picha. Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde inakula gigabaiti 45 kwa saa, jumla 675. Ongeza nakala nyepesi za kuhariria na diski ya terabaiti 1 imejaa. Nunua mbili za terabaiti 2, na moja isilale nyumba moja na kompyuta.